Nondo za dirisha zikipinda: kuijua AMD na kuishi nayo

Kaa mita mbili hivi kutoka dirisha lenye nondo. Vaa miwani yako kama unayo, ziba jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha kaza jicho la kulia kwenye nondo ya katikati. Zote zimenyooka? Hakuna iliyokatika, iliyofifia, au iliyojipinda kama fimbo iliyochovywa majini? Sasa badilisha jicho. Kazi yote haifiki nusu dakika, na kwa mtu aliyevuka miaka 55 inafaa iwe ya kawaida kama kupiga mswaki. Zoezi hili husaka dalili za AMD, ugonjwa wa macho wa uzeeni unaoharibu uoni wa katikati.

Kuziba jicho moja ndiko kunakolipa zoezi hili maana. Macho yote mawili yakiwa wazi, jicho zima hubeba mzigo wa jicho bovu, na ubongo huliziba pengo bila kumwambia mwenyewe. Ndiyo maana watu wengi huja kugundua kwamba jicho moja haliko sawa siku vumbi linapoingia kwenye lile zuri wakalifumba. Kufikia hapo, mara nyingi kovu limeshajijenga ndani, na kovu hilo hakuna dawa inayoliondoa.

Kinachochakaa ni nini

Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea picha. Katikati yake pana eneo dogo lenye kipenyo cha milimita 5 na ushee na wekundu uliochanganyika na manjano. Wataalamu huliita makula, neno la Kilatini lenye maana ya doa, wala halina undugu na kula. Kwa eneo hilo dogo mtu husoma, hutunga uzi kwenye sindano, huchambua mchele na kutambua sura za watu. Sehemu ya pembeni ya retina ina kazi yake nyingine: kuona mlango uko wapi, kuona pikipiki inayokatiza, kutembea bila kujigonga.

AMD, kwa Kiingereza age-related macular degeneration, ni kuchakaa kwa makula kunakoletwa na umri. Huharibu katikati na kuacha pembeni. Mgonjwa haingii kwenye giza totoro hata ugonjwa ukifika mwisho, na hapo ndipo ndugu wengi wanapomkosea. Bibi anaweza kuona kipande cha sabuni kilichoanguka sakafuni kwa pembe ya jicho, kisha akashindwa kumtambua mjukuu aliyesimama mbele yake mpaka amsikie akisema "Shikamoo bibi". Watu husema anajifanya. Hajifanyi. Anatumia sehemu ya jicho iliyobaki.

Chini ya seli za kuona ipo safu ya seli zenye rangi nyeusi, na hizo ndizo zinazolisha na kufagia. Kila siku seli za kuona humeguka ncha zake kuukuu, na seli za chini huyameza mabaki hayo. Miaka ikienda, ufagiaji hulegea, na uchafu wa mafuta na protini hujikusanya kama masizi kwenye kitako cha sufuria. Vinundu hivyo vya njano huitwa druseni. Vikiwa chini ya maikroni 63 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ni uzee wa kawaida. Vikiwa kati ya 63 na 125 ndiyo AMD ya awali. Vikizidi 125, au rangi ya ile safu nyeusi ikianza kuvurugika, mtu yuko kwenye hatua ya kati. Katika hatua hizi mbili wengi hawaoni tatizo lolote. Labda tu kusoma kunahitaji taa kali zaidi, na ukitoka juani kuingia ndani macho hukawia kuzoea.

Baada ya hapo njia hugawanyika. Katika aina kavu, seli hufa kidogo kidogo na kuacha viraka vitupu vinavyopanuka kwa miaka. Katika aina ya majimaji, jicho hutoa kwa wingi protini iitwayo VEGF, ambayo kazi yake ni kuita mishipa mipya ya damu. Mishipa inayoitika ni dhaifu. Huchipuka mahali pasipostahili, chini ya retina au ndani yake, ikavuja maji na damu. Maji huinua retina, na retina iliyoinuka huonyesha nondo zilizopinda. Aina hii huwapata wagonjwa wachache, lakini ndiyo inayopofusha kwa haraka, kwa wiki na miezi, wakati aina kavu hutembea kwa miaka. Na kavu inaweza kugeuka ya majimaji siku yoyote, kwenye jicho lolote. Kwa hiyo aliyeambiwa "yako ni kavu, haina sindano" hajaambiwa aache kujipima. Yeye ndiye hasa anayepaswa kujipima.

"Huo si ugonjwa wa Wazungu?"

Ni kweli kwamba hatua za mwisho za AMD huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Lakini kutoka hapo kwenda kusema Waafrika hawaugui ni kuruka ukuta. Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2007 na 2008 kwa watu wa miaka 50 na zaidi ulipiga picha za nyuma ya jicho. Kati ya wale ambao picha zao zilisomeka, asilimia 11.2 walikuwa na dalili za awali za AMD, na asilimia 1.2 walikuwa na hatua ya mwisho. Wengi wa namna hiyo wakiwa nyumbani huambiwa ni macho ya uzee.

Umri hauzuiliki, na vinasaba vya kurithi navyo huna la kuvifanya. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye AMD achunguzwe mapema. Kinachoweza kuguswa ni sigara, ambayo huongeza hatari mara mbili hadi nne, pamoja na shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Mvutaji anayeacha hujipunguzia hatari hata kama ameshapata druseni. Kama una fedha ya jambo moja tu na nguvu ya jambo moja tu, anza na sigara, kwa sababu kuacha hakuna gharama.

Yapo magonjwa mengine yanayochanganywa na AMD, na kila moja lina njia yake. Mtoto wa jicho hufifisha picha yote kama kioo cha basi kilichopigwa vumbi, na upasuaji huurudisha uoni. Presha ya macho huanza kula pembeni na kuacha katikati, kinyume kabisa cha AMD. Kisukari huharibu mishipa ya retina nzima na kinaweza kujaza maji kwenye makula pia, kwa hiyo mwenye kisukari asikubali jibu la "uzee" kabla ya kuchunguzwa retina. Mtu anaweza kuwa na mtoto wa jicho na AMD kwa pamoja. Akipasuliwa bila makula kuangaliwa kwanza, familia hulaumu upasuaji kwa kutoona ambako hakukuletwa na upasuaji.

Wazee wengi huuliza kama klorokwini waliyomeza enzi zile kwa malaria ndiyo iliyowaharibu macho. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Dozi ya malaria ilikuwa ya siku tatu, na madhara ya makula yanatokana na kumeza klorokwini au ndugu yake haidroksiklorokwini kila siku kwa miaka, kama wafanyavyo wagonjwa wa lupasi au baridi yabisi. Hao ndio wanaohitaji kupimwa macho kila mwaka. Kovu la katikati linaweza pia kutokana na kulitazama jua siku ya kupatwa kwake, na waliotazama bila kinga kule Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016 wamtajie daktari jambo hilo.

Kipimo cha karatasi

Nondo zinatosha kwa kuanzia. Kwa mtu aliyekwisha kuambiwa ana druseni kubwa, tengeneza kipimo chenyewe, kile kilichobuniwa na Mswisi Marc Amsler. Chukua karatasi nyeupe, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, uugawe kwa mistari ya wino mweusi kila milimita 5. Utapata visanduku 400. Katikati weka nukta nyeusi ya ukubwa wa punje ya mtama. Ibandike ukutani karibu na kalenda, kwenye usawa wa macho na mahali penye mwanga mzuri.

Simama au kaa sentimita 30 kutoka karatasi, ukiwa na miwani ya kusomea. Ziba jicho moja. Tazama nukta na usihamishe jicho. Huku umeikazia nukta, jiulize: naiona nukta yenyewe? Pembe nne za mraba ninazo zote? Kuna mstari uliopinda au kukatika, visanduku vilivyovimba au kusinyaa, au doa la kijivu? Ukiona kitu, kichore papo hapo kwa penseli juu ya nakala nyingine ya karatasi, andika jicho na tarehe. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo marefu utakayotoa kliniki.

Watu hukosea kwa njia zilezile. Wanavua miwani ya kusomea, na mistari yote inakuwa ukungu. Wanaruhusu jicho lifuate mistari badala ya kubaki kwenye nukta, na likishahama kasoro haionekani. Wanatumia picha ya kipimo kwenye simu, ambayo ukubwa wake hubadilika kwa kila simu. Na baya zaidi, wanakiamini kupita kiasi. Kipimo hiki hukosa baadhi ya mavujo madogo kwa sababu ubongo ni fundi wa kuunganisha mistari. Karatasi safi haifuti miadi ya daktari.

Mistari ikipinda ghafla, au doa likitokea katikati, usisubiri mwisho wa mwezi. Nenda ndani ya siku chache, na wiki moja ndiyo mpaka. Ukifika mapokezi, chagua maneno. "Macho yananisumbua" itakupeleka kwenye foleni ya miwani. Sema hivi: "Tangu juzi jicho la kulia linaona mistari iliyonyooka imepinda, naomba kuangaliwa retina." Mhudumu yeyote wa macho anaelewa uzito wa sentensi hiyo.

Kliniki

Utasomeshwa chati jicho moja moja, kisha utatiwa matone ya kupanua mboni. Huchukua nusu saa hivi kufanya kazi, na uoni wa karibu hubaki na ukungu kwa saa nne hadi sita. Usiende mwenyewe kwa pikipiki au gari. Chukua kofia na mtu wa kukushika mkono.

Kipimo kinachoamua mambo siku hizi ni OCT, mashine inayopiga picha ya tabaka za retina kama mtu aliyekata kipande cha keki na kukitazama ubavuni. Haigusi jicho na haiumi. Maji chini ya retina huonekana kama kijidimbwi cheusi. Wakati mwingine huongezwa picha ya rangi, ambapo dawa ya njano iitwayo fluresini hudungwa kwenye mshipa wa mkono ili kuona inapovujia. Ngozi na mkojo vitakuwa vya njano kwa siku moja au mbili, usishtuke. Mwambie mhudumu kabla kama una mzio wowote. Kwa watu weusi na Waasia, daktari makini atatafuta pia mishipa yenye vifundo kama shanga, aina ndugu ya AMD ambayo wakati mwingine hutaka matibabu ya nyongeza.

Omba nakala ya picha ya OCT, au ipige kwa simu yako ikionyesha tarehe. Matibabu yote ya baadaye hulinganisha picha ya leo na ya jana, na faili hupotea. Kwa Tanzania, rufaa za namna hii huelekea hospitali kama KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam. Kwa Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na hospitali ya macho ya Kikuyu. Kabla ya kupanda basi la safari ya saa nane, piga simu uulize mambo mawili: bingwa wa retina yupo siku hiyo, na mashine ya OCT inafanya kazi?

Sindano ya jicho

Maneno haya mawili huwafukuza watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe, kwa hiyo tuyaeleze polepole. Jicho hutiwa matone ya ganzi. Kope na jicho husafishwa kwa povidoni ayodini, na iliyo kwenye jicho lenyewe ni ya asilimia 5. Kibanio kidogo hushikilia kope zisifumbe. Daktari hupima milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa jeusi la jicho, akadunga kwenye weupe kwa sindano nyembamba mno, akasukuma mililita 0.05 za dawa, yaani tone moja. Kudunga kwenyewe hakuzidi sekunde chache. Mgonjwa huhisi msukumo kuliko maumivu, na haoni sindano ikija kwa kuwa ameambiwa atazame upande mwingine.

Dawa hizi hukamata VEGF, mishipa ikakosa mwito, mavujo yakakauka. Ranibizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Katika jaribio lake kubwa, baada ya mwaka mmoja wa sindano za kila mwezi, kama wagonjwa 95 kati ya 100 hawakupoteza mistari mitatu ya chati, dhidi ya 62 waliopewa sindano za bandia. Theluthi moja hivi walipata mistari mitatu au zaidi. Baadaye zikaja aflibasepti na farisimabu zinazokaa muda mrefu zaidi.

Kwa mfuko wa kawaida wa Afrika Mashariki, jina muhimu ni bevasizumabu, inayojulikana zaidi kama Avastin. Ni dawa ya saratani, na kwenye jicho hutumika nje ya kibali chake cha awali, lakini si ubabaishaji: ilishindanishwa ana kwa ana na ranibizumabu na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha zinalingana kwa uoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Chupa moja ya mililita 4 ina miligramu 100, na dozi ya jicho ni miligramu 1.25. Kwa hesabu ya karatasi ni dozi 80, kwa vitendo ni pungufu, maana kila bomba la sindano hubakiza kidogo. Unafuu wa bei unatoka hapo, na hatari yake inatoka hapohapo. Chupa ikigawanywa mahali pasipo safi, mdudu mmoja huingia kwenye mabomba yote na wagonjwa wa siku nzima huambukizwa kwa pamoja. Uliza bila haya: dozi hugawiwa wapi, kwenye kabati safi la famasia au mezani? Inatunzwa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8? Kliniki nzuri itakujibu bila kununa. Usikubali kubeba dawa mwenyewe kwenye mkoba kutoka mji mwingine bila barafu.

Ratiba huanza na sindano tatu, moja kila mwezi. Baada ya hapo, OCT ikionyesha hakuna maji, daktari huongeza nafasi kwa wiki mbili mbili, 6, 8, 10, mpaka pale maji yanaporudi, kisha hurudi nyuma hatua moja. Hapa ndipo wagonjwa wengi huangukia. Baada ya sindano ya pili au ya tatu wanaona vizuri, wanasema nimepona, nauli inaenda kwenye ada ya shule. Lakini dawa huisha jichoni ndani ya wiki chache na kiwanda cha VEGF hakijafungwa. Maji hurudi kimyakimya, na safari hii huacha kovu. Kwa hiyo swali la fedha liulizwe mwanzoni kabisa: si bei ya sindano moja, bali bei ya sindano saba au nane za mwaka wa kwanza pamoja na OCT na nauli, na bima inalipa ngapi kati ya hizo. Kama huwezi dawa ya gharama kila mwezi lakini unaweza bevasizumabu mfululizo, chagua bevasizumabu. Dawa ya bei ndogo inayofika kwa wakati inashinda ya bei kubwa iliyokatika njiani.

Jioni ya siku ya sindano jicho huwasha kama limeingia mchanga. Hiyo ni ayodini, na machozi ya bandia hutuliza. Doa jekundu la damu kwenye weupe hutisha watu wa nyumbani lakini huisha kwa wiki moja au mbili. Viputo vyeusi vinavyoelea chini ya uoni ni hewa, hupotea kwa siku moja au mbili. Usijipikiche, na kwa siku chache usiogelee wala kuacha maji ya bomba yaingie jichoni. Kinachotakiwa kukuamsha usiku ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaokolea, mwanga kuchoma, au uoni kushuka ndani ya wiki moja. Hayo ni maambukizi ya ndani ya jicho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni adimu, takribani sindano moja kati ya maelfu kadhaa, lakini yakikaa hadi asubuhi ya kesho kutwa jicho linaweza kwenda moja kwa moja. Hapo matone ya duka la dawa hayasaidii, na asali, maziwa ya mama na maji ya majani yakae mbali kabisa na jicho lililodungwa.

Vidonge na mboga

Kwa aina kavu ya hatua ya kati, au mtu ambaye jicho moja limeshafika mwisho na anataka kulinda la pili, kipo kichanganyiko cha virutubisho kilichopimwa kwa majaribio ya muda mrefu: vitamini C miligramu 500, vitamini E uniti 400, luteini miligramu 10, zeaksanthini miligramu 2, zinki miligramu 80 na shaba miligramu 2. Jaribio la kwanza, lililotolewa mwaka 2001, lilionyesha kwamba baada ya miaka mitano waliofika hatua ya mwisho walikuwa asilimia 20 badala ya 28. Si muujiza. Hakirudishi uoni, hakizuii ugonjwa kwa aliye mzima, na kwa hatua ya awali hakijaonyesha faida.

Soma kopo kabla ya kulipa. Makopo mengi yenye picha ya jicho yana robo ya dozi hizo kwa bei ileile. Yenye beta karotini mvutaji na aliyewahi kuvuta asiyaguse, maana huongeza hatari ya saratani ya mapafu, na luteini ndiyo iliyochukua nafasi yake. Shaba haiwekwi kwa mapambo: zinki nyingi huzuia mwili kufyonza shaba, na bila hiyo damu hupungua. Vidonge vya mafuta ya samaki vilijaribiwa pia, na matokeo ya mwaka 2013 yakaonyesha havikuongeza faida.

Karoti zina sifa kubwa kuliko kazi yake hapa. Luteini iko kwenye majani ya kijani kibichi: mchicha, sukuma wiki, kisamvu, matembele, majani ya maboga, na kwenye kiini cha yai. Huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa mafuta kidogo au nazi huupa mwili zaidi kuliko iliyochemshwa na maji yake kumwagwa. Samaki wenye mafuta kama vibua na dagaa mara mbili kwa wiki ni wazo zuri. Anayetumia warfarini asibadili ghafla kiasi cha mboga bila kumwambia daktari wake, kwa kuwa vitamini K ya majani huvuruga dozi. Na anayetumia aspirini ya moyo asiiache kwa sababu amesoma mahali kuhusu damu ya jicho. Aulize kwanza.

Kwa viraka vya aina kavu Marekani iliidhinisha sindano mbili mwaka 2023, pegsetakoplani na avasinkaptadi. Hupunguza mwendo wa kupanuka, hazirudishi kilichopotea, na huongeza kidogo uwezekano wa aina ya majimaji.

Wageni wasiosema

Jambo hili wagonjwa hulificha kuliko yote. Baada ya uoni kupungua, baadhi yao huanza kuona vitu ambavyo havipo: watoto wadogo waliosimama mlangoni, mtu mwenye kilemba kichakani, ukuta uliojaa maua au matofali, nyuso zisizojulikana. Mswisi Charles Bonnet aliandika habari hizo mwaka 1760 kuhusu babu yake aliyekuwa na mtoto wa jicho, na hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Ubongo uliozoea kupokea picha ukikosa picha hujitungia. Si wazimu, si majini, na hakuna aliyemrushia mtu kitu. Kwetu kunyamaza kuna sababu: mama mzee akisema anaona watoto usiku, anaweza kupelekwa kwa mganga, kwenye maombezi ya wiki nzima, au mbaya zaidi, jirani akaanza kumnyooshea kidole.

Dalili za hali hii ziko wazi. Picha hizo hazina sauti, hazina harufu, hazimwamuru mtu kitu, na mwenyewe akituliza akili anajua si za kweli. Huja zaidi jioni na mahali patulivu penye mwanga hafifu. Zikija, washa taa, sogeza macho kushoto na kulia mara kadhaa bila kutikisa kichwa, pepesa, au nyoosha mkono uiguse picha. Mara nyingi hutoweka. Kwa wengi hupungua baada ya mwaka au zaidi. Lakini kama kuna sauti, mgonjwa amechanganyikiwa, ana homa, au ameanza dawa mpya, huyo apelekwe hospitali, maana tatizo ni lingine. Mtu wa nyumbani aulize mwenyewe, kwa upole: "Mama, huwa unaona vitu ambavyo sisi hatuvioni?" Kuulizwa tu huwapunguzia wengi mzigo waliobeba miezi.

Kutumia kilichobaki

Katikati ikifa, mtu hujifunza kutazama kwa ubavu. Bandika herufi kubwa ukutani, ifikirie ni kitovu cha saa, kisha tazama kwenye 12, 3, 6 na 9. Upande mmoja utaifanya herufi itokee wazi. Huo ndio upande wako, na ufanyie mazoezi dakika kumi mara mbili tatu kwa siku, kwa herufi kwanza, kisha sura za watu kwenye picha. Huchukua wiki kadhaa, na mara ya kwanza huchosha.

Taa isiwekwe darini peke yake. Ukiisogeza kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwanga unaofika kwenye karatasi huwa mara nne. Iwe ubavuni, upande wa jicho zuri, isimulike uso. Kioo cha kukuza chenye nguvu ya dayopta 20 hushikwa sentimita 5 kutoka maandishi, na jicho lisogezwe karibu na kioo. Wanaokishika mbali na jicho huona herufi mbili tatu tu, kisha wanakitupa kabatini. Kuketi karibu na televisheni hakuharibu chochote.

Rangi zifanye kazi. Ugali kwenye sahani ya bluu, chai ya maziwa kwenye kikombe cheusi, chai ya rangi kwenye cheupe, mstari wa rangi ya njano kwenye ukingo wa kila ngazi. Noti ya elfu kumi ikunjwe mara mbili, ya elfu tano mara moja, ya elfu mbili ibaki wazi, na iwe hivyo kila siku bila kubadilisha.

Kwenye simu janja, kuza maandishi, geuza rangi yawe meupe juu ya weusi, na washa TalkBack isome ujumbe kwa sauti, ukiwa na kisikilizio sikioni ili salio lisisikike dukani. Hatari kubwa ni kumpa wakala simu na namba ya siri. Mzee asiyetaka simu janja apewe ya vitufe: namba 5 ina kinundu, na kutoka hapo kidole hupata zote. Akifanya mazoezi nyumbani siku chache, *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya M-Pesa Kenya ataipiga bila kutazama, na namba ya siri ataiingiza kwa kidole chake mwenyewe.